Mbona mdhalimu anastawi? Jibu kwa binti aliyenyang'anywa shamba la baba yake

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa kwanza katika familia ya watoto watano. Baba alifariki miaka tisa iliyopita akaacha shamba la ekari nne kando ya barabara. Kabla hata matanga hayajaanuliwa, baba yetu mdogo alileta karatasi ya kikao cha ukoo inayosema marehemu alimwachia yeye. Wazee watatu walikuwa wametia saini. Mmoja wao baadaye alimwambia mama kwa siri kwamba hakuwahi kumsikia baba akitamka hivyo. Leo pale pana nyumba za kupangisha. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, mabati ya kanisa jipya alitoa yeye, watoto wake wana kazi nzuri, hata malaria haimpati. Mama yangu, anayefunga na kuomba, ana presha na anauza maandazi. Zaburi ya 37 inasema mwenye haki hajaachwa. Mbona sisi tumeachwa? Mhubiri mmoja alisema tuna laana ya ukoo, tutoe sadaka ya kuikata. Mjomba anasema tumwachie Mungu, kumshtaki ndugu ni dhambi. Mimi usiku namwomba Mungu amlipe, kukicha naona aibu. Je, Mungu wa Biblia anatenda haki kweli?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana, wewe, mama na wadogo zako. Barua yako ina maswali kadhaa yaliyofungwa pamoja, na nadhani baadhi ya maumivu yako yanatokana na hayo mafundo kuliko na swali lenyewe. Unauliza kwa nini mwovu anastawi. Unauliza kama mmelaaniwa. Unauliza kama ni dhambi kwenda mahakamani, na kama ni dhambi kuomba unavyoomba usiku. Nitajaribu kuyafungua, kwa kutumia Maandiko ya Kiebrania, yaani Agano la Kale kama wengi wetu tunavyoliita, kwa sababu humo ndimo swali lako lilimoulizwa kwa ukali kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu.

Kwanza ondoa aibu. Aliyeuliza mbona njia ya waovu inasitawi ni nabii Yeremia, sura ya 12, tena akizungumza na Mungu mwenyewe. Anaanza kwa kukiri kwamba Mungu ni mwenye haki, kisha anasema: hata hivyo nina kesi nawe. Na angalia mazingira yake. Sura inayotangulia imeeleza kwamba watu wa Anathothi, kijiji chake cha kuzaliwa, walipanga kumuua. Mistari michache baadaye Mungu anamwonya kwamba hata ndugu zake na nyumba ya baba yake wamemtendea hila, asiwaamini ingawa wanamwambia maneno mazuri. Kwa hiyo anayeuliza swali lako katika Biblia ni mtu aliyesalitiwa na ukoo wake. Habakuki naye analalamika kwamba sheria imelegea na hukumu inatoka imepotoshwa. Ayubu, sura ya 21, anasimulia maisha ya waovu kana kwamba anamwangalia baba yako mdogo kupitia dirishani: wanazeeka wakiwa na nguvu, nyumba zao zi salama, ng'ombe wao wanazaa bila kuharibu mimba, watoto wao wanacheza ngoma. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekataliwa na Mungu kwa kuuliza.

Sasa Zaburi ya 37. Mzaburi anasema alikuwa kijana na sasa ni mzee, wala hajamwona mwenye haki ameachwa. Umeusoma mstari huo kama ahadi yenye muhuri, halafu ukaangalia maisha ya mama yako ukaona ama Mungu amedanganya ama mama si mwenye haki. Hakuna kati ya hayo mawili. Zaburi hiyo ni shairi la kufundishia, limepangwa kwa kufuata herufi za alfabeti ya Kiebrania ili lishikike kichwani, na msemaji wake ni mzee anayewatuliza vijana waliokasirika. Wamekasirika kwa sababu gani? Soma shairi zima na utaona linarudia mara tano kwamba watu fulani watairithi nchi. Kuna mtu anayekopa asilipe. Kuna mtu anayemvizia mwenye haki. Kuna mtu mkali aliyejitandaza kama mti mbichi uliokolea mahali pake. Waliotungiwa shairi hili ni watu walioona ardhi ikienda kwa wenye nguvu; kama mambo yangekuwa yanajinyoosha yenyewe, mzee asingekuwa na haja ya kuwaambia mara tatu wasikasirike. Ushuhuda wake ni wa kweli kama ushuhuda wa mtu mmoja mwenye umri mkubwa na matumaini makubwa. Biblia imeuhifadhi, na imehifadhi pia ushuhuda wa wengine walioona tofauti. Mhubiri, sura ya 7, anasema amemwona mwenye haki akiangamia ndani ya haki yake na mwovu akiongeza siku zake ndani ya uovu wake. Vitabu hivyo viwili vimewekwa pamoja, na anayekusomea kimoja tu anakupa nusu ya Maandiko.

Kosa kama hilo hufanywa pia katika kusoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 28: tii ubarikiwe, asi ulaaniwe. Wahubiri wengi huisoma kama daftari la kila mtu na Mungu wake, ukiweka hiki unatoa kile. Lakini sura hiyo inazungumza na taifa. Ni maneno ya agano, na umbo lake linafanana sana na mikataba ambayo wafalme wakuu wa Ashuru waliwafungisha watawala waliokuwa chini yao, pamoja na orodha ndefu ya laana kwa atakayevunja. Linahusu nchi nzima: mvua, vita, uhamisho. Kwamba taifa lililojaa dhuluma litaanguka, hilo manabii walilihubiri bila kusita. Kwamba kila mdhalimu atafilisika kabla ya Krismasi, hilo hakuna nabii aliyelisema.

Waandishi wa Biblia wenyewe walilijua hili vizuri mno. Nakuomba uwatazame wafalme wawili wa Yuda. Manase, ambaye Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasema aliijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia, alitawala miaka 55, muda mrefu kuliko mfalme mwingine yeyote wa Yuda, akafa akazikwa katika bustani ya nyumba yake. Mjukuu wake Yosia, ambaye kitabu hichohicho kinasema hapakuwa na mfalme kama yeye kabla wala baada, aliuawa na Farao Neko huko Megido mwaka 609 KK, akiwa na miaka 39. Mwandishi aliyaona yote mawili, akayaandika. Baadaye, aliyeandika Mambo ya Nyakati alihangaika nayo, kama unavyohangaika wewe. Akatuambia kwamba Manase alipelekwa Babeli kwa minyororo akatubu, na kwamba Yosia alipuuza onyo lililotoka kwa Mungu kupitia kinywa cha Neko. Vitabu viwili, habari moja. Kimoja kinahitaji sababu, kingine kinaweza kuishi bila sababu. Mimi naona faraja kubwa katika jambo hilo. Waliokusanya Maandiko hawakufuta kile kisichoelezeka.

Lakini habari ninayotaka uishike zaidi ya zote ni ya Nabothi, Wafalme wa Kwanza sura ya 21, maana ni kesi yako.

Mfalme Ahabu wa Israeli hakuwa kibaraka mdogo. Jiwe la kumbukumbu la Shalmaneseri wa Tatu wa Ashuru, ambalo leo liko katika jumba la makumbusho la London, linamhesabia Ahabu magari ya vita 2,000 na askari 10,000 katika vita vya Karkari mwaka 853 KK. Alijenga miji, alijijengea nyumba ya pembe za ndovu, alitawala miaka 22. Kwa vipimo vya baba yako mdogo na mabati yake, huyu alikuwa amebarikiwa kupita kiasi. Naye alilitamani shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake huko Yezreeli, alifanye bustani ya mboga. Nabothi akakataa kuuza, kwa sababu ni urithi wa baba zake, na katika Torati ardhi ya ukoo haikuwa bidhaa: Mambo ya Walawi 25 inasema nchi ni ya Mungu na watu ni wageni waliopangishwa tu.

Angalia jinsi lilivyochukuliwa. Hakukuwa na jeshi. Yezebeli, mke wa Ahabu, aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi. Wazee wakatangaza mfungo. Ndiyo, mfungo, ibada ya mji mzima. Wakamketisha Nabothi mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili, kwa sababu Torati inataka mashahidi wawili ili mtu ahukumiwe kifo. Mashahidi wakasema amemtukana Mungu na mfalme. Akatolewa nje ya mji akapigwa mawe. Kila kitu kilifuata utaratibu: karatasi, muhuri, kikao cha wazee, idadi halali ya mashahidi, na sala juu yake. Mwandishi anatuonyesha kwa makini kwamba dhuluma kubwa haihitaji kuvunja sheria waziwazi, inahitaji watu wa heshima wachache wakubali kutia saini. Zaburi ya 94 inauliza kama kiti cha uovu kinaweza kushirikiana na Mungu, kile kinachotunga madhara kwa njia ya sheria. Kwa hiyo unapoona karatasi ya wazee watatu, na mabati juu ya kanisa, usidhani umekutana na jambo ambalo Biblia haikulitazamia.

Hukumu ilikuja upesi. Ahabu alikuwa angali ndani ya shamba, amekwenda kulimiliki, nabii Eliya alipomkuta na kumuuliza kama ameua na kisha amerithi. Hukumu, nasema. Adhabu ilikuwa jambo jingine. Ahabu alirarua nguo, akavaa gunia, akafunga, na Mungu akamwambia Eliya kwamba mabaya hayatakuja siku zake, yatakuja siku za mwanawe. Naelewa kama unakasirika hapo. Nabothi hakupata kuahirishiwa. Huruma ile ile tunayoiimba, kwamba Bwana ni mwingi wa rehema na si mwepesi wa hasira, ndiyo iliyomwongezea mwuaji siku, na aliyeulipia muda huo ni familia ya aliyeuawa. Yona aliliona hilo kuhusu Ninawi akasema bora afe. Mimi sitakwambia ni rahisi kulikubali. Nitakwambia tu kwamba unapouliza mbona Mungu anachelewa, sehemu moja ya jibu la Maandiko ni kwamba anawasubiri watu ambao wewe usingewasubiri.

Ahabu alikufa vitani kwa mshale wa mtu aliyevuta upinde bila kulenga. Miaka kadhaa baadaye Yehu, jemadari wa jeshi la Israeli, alimpiga Yoramu mwana wa Ahabu, akaamuru maiti itupwe katika lile shamba, akitaja damu ya Nabothi na damu ya wanawe. Hapo ndipo tunagundua, kwa neno moja lililopita haraka katika Wafalme wa Pili 9, kwamba watoto pia waliuawa ili asibaki mrithi. Hivyo shamba halikumrudia mtu. Na habari haikuishia hapo: Yehu alichinja kupita kiasi, na karibu miaka mia moja baadaye nabii Hosea, katika sura yake ya kwanza, anatangaza kwamba nyumba ya Yehu itaadhibiwa kwa sababu ya damu ya Yezreeli. Yaani mkono uliotekeleza haki nao ulifikishwa mbele ya haki. Anayekuambia kwamba katika Biblia Mungu hulipa kisasi kwa usafi na kwa wakati, hajaifuata habari hii hadi mwisho.

Umeniuliza kama Mungu anatenda haki. Kile ambacho habari ya Nabothi inakidai kwa nguvu zote ni kwamba Mungu hakukubali karatasi ile. Mji mzima ulisema shamba ni la mfalme. Mtu mmoja alitumwa kusema ni la Nabothi. Na miaka yote ambayo Ahabu alikula matunda ya pale, jina la mwenye shamba halikubadilika katika kinywa cha Mungu. Kuchelewa kwa adhabu hakukuwa kibali. Mhubiri 8 anasema kwa sababu hukumu juu ya tendo baya haitekelezwi upesi, mioyo ya watu hujaa ujasiri wa kutenda mabaya. Kuchelewa huko kunaonekana kama ruhusa machoni pa mwovu, na pia, kwa uchungu, machoni pa aliyedhulumiwa.

Hili linanileta kwa mhubiri aliyewaambia mna laana. Tafadhali msitoe hiyo sadaka, hata shilingi moja. Ni kweli kwamba Amri Kumi zinasema Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Lakini Kumbukumbu la Torati 24 linakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba yake. Na waliohamishiwa Babeli mwaka 597 KK walipoanza kurudia methali kwamba akina baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, Ezekieli aliwajibu kwa sura nzima, ya 18, kwamba methali hiyo ikome: roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba. Hakuna mahali katika sura hiyo panapotajwa malipo ya kukata kitu chochote. Tena mhubiri huyo amesimama mahali walipokaa marafiki wa Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuwa na hoja moja kwa namna nyingi: ukiteseka, kuna ulichofanya. Walimtetea Mungu kwa bidii sura nyingi. Na mwishoni, sura ya 42, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka, kwa sababu hawakusema yaliyo sawa kumhusu kama Ayubu alivyosema. Ayubu, aliyepiga kelele kwamba dunia imetiwa mikononi mwa waovu! Mama yako hana presha kwa sababu ya dhambi ya babu. Ana presha, na huenda miaka tisa ya uchungu na kazi ya alfajiri haijamsaidia.

Utaniambia, basi kuna jibu gani? Asafu, katika Zaburi ya 73, ndiye aliyefika karibu zaidi na hali yako ya usiku. Anakiri kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza kwa sababu aliwaonea wivu wenye kiburi, wenye miili iliyonenepa, wasiopata taabu kama watu wengine. Akajiambia amejisafisha moyo bure. Hakuthubutu hata kulisema mbele ya watoto. Kisha akaingia patakatifu pa Mungu na akautafakari mwisho wao. Wahubiri hupenda kuishia kwenye mstari huo wa 17, lakini Zaburi inaendelea, na sehemu ninayoipenda iko baadaye: licha ya kwamba alikuwa kama mnyama mbele ya Mungu kwa hasira yake, anasema, siku zote nipo pamoja nawe, umenishika mkono wa kuume. Hali ya waovu haikuwa imebadilika alipotoka patakatifu. Kilichobadilika ni kwamba hakuwa tena peke yake na swali.

Kuna pia jibu la ufufuo. Ni vema ujue kwamba katika sehemu kubwa ya Maandiko ya Kiebrania jibu hilo halipo bado: wafu wote, wema kwa wabaya, wanashuka kuzimu, mahali pa kimya, na Mhubiri 9 anasema huko hakuna kazi wala maarifa. Ndiyo maana malalamiko ya Ayubu na Yeremia ni makali vile. Walitaka haki hapa, wakiwa hai. Tumaini la kwamba walalao mavumbini wataamka, wengine kwa uzima na wengine kwa aibu, linasemwa waziwazi katika Danieli 12, na wataalamu wengi wanaihusisha sura hiyo na mateso ya Wayahudi chini ya mfalme Antioko wa Nne, karibu mwaka 165 KK, walipouawa watu kwa kosa la kuishika Torati. Nami naliamini tumaini hilo. Lakini nakataa litumike kukunyamazisha, kana kwamba kwa kuwa kuna hukumu ya mwisho basi hapa duniani wenye ekari za watu waachwe wapangishe kwa raha. Marabi wa kale walikuwa waungwana zaidi; katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao, Rabi Yanai anasema haiko mikononi mwetu kueleza utulivu wa waovu wala mateso ya wenye haki. Naye alikuwa mwalimu wa imani.

Mjomba wako anasema mmwachie Mungu. Muulize kwa heshima: Mungu wa Biblia anapenda kuachiwa? Hesabu 27 inasimulia habari za mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao amekufa jangwani, hakuacha mtoto wa kiume, na shamba lake katika nchi wanayokwenda litachukuliwa na wengine. Hawakwenda kulia hemani. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakasema: tupeni urithi pamoja na ndugu za baba yetu. Musa akapeleka kesi kwa Mungu, na jibu la Mungu likawa kwamba mabinti hao wamenena sawa. Baadaye ukoo ulileta masharti, sura ya 36, waolewe ndani ya kabila lao. Na ahadi ilibaki maneno matupu hadi katika Yoshua 17, ambapo mabinti hao walirudi tena, mbele ya Yoshua, kukumbusha kilichoamriwa. Ndipo wakapewa. Ilibidi wadai mara mbili.

Kuna na yule mama Mshunami, Wafalme wa Pili 8. Alihama kwa ajili ya njaa miaka saba, akarudi akakuta nyumba na shamba lake vimo mikononi mwa watu wengine. Akamlilia mfalme. Mfalme akamteua ofisa mmoja, akamwamuru amrudishie vyote vilivyokuwa vyake pamoja na mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka. Kwa mpangilio wa kitabu, mfalme huyo ni Yoramu, mwana wa Ahabu. Nalipenda sana jambo hilo. Katika nyumba ileile iliyomnyang'anya Nabothi, mwanamke mmoja alipata ardhi yake kwa sababu alikwenda akadai na mtu wa serikali akafanya kazi yake. Manabii walipolilia haki itiririke kama maji, walimaanisha hasa vikao vya langoni, mahali wazee walipokaa kukata kesi. Walitegemea watu kuitenda.

Mjomba huenda anafikiria Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, Paulo anapowakemea waumini wanaopelekana mahakamani. Asome hadi mstari wa 8, ambapo lawama inamgeukia anayemdhulumu ndugu yake. Anzeni basi kwa kanisa lenu kama mchungaji ni mtu wa haki. Mwambieni mnataka kikao chenye kumbukumbu za maandishi. Lakini kikao hicho kisiwe njia ya kula muda wenu.

Kuhusu sala ya usiku: iombe. Zaburi ya 94 inaanza kwa kumwita Mungu wa kisasi aangaze. Zaburi ya 109 ina maneno makali ambayo nisingeyasoma kwenye harusi. Watu waliotunga sala hizo walikuwa hawana mamlaka, wala upanga, wala hakimu upande wao, na walichokifanya ni kuichukua ile hasira yote na kuiweka mikononi mwa Yule aliyesema kisasi ni changu, katika Kumbukumbu la Torati 32. Ikishawekwa huko, hamtatia sumu kwenye chai wala moto kwenye nyumba za kupangisha. Ila kama wadogo zako wameanza kuzungumza habari za kumwendea mganga au za kumvizia baba mdogo njiani, hapo tafuta mtu mzima wanayemheshimu aketi nao wiki hii.

Sasa mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kutoka hapa. Umesema miaka tisa. Sheria za Tanzania na za Kenya zinaweka ukomo wa miaka 12 kwa mashauri ya kudai ardhi, na namna ya kuhesabu miaka hiyo inaweza kubishaniwa, kwa hiyo msisubiri. Nendeni kwa wakili, au kwa kituo cha msaada wa kisheria kama hamna fedha, mkiwa na cheti cha kifo, nakala ya ile karatasi ya ukoo, na chochote kinachoonyesha baba alilimiliki shamba: risiti, barua ya mauziano, majina ya majirani wa mipaka. Ulizeni kama mirathi ya baba iliwahi kufunguliwa na msimamizi ni nani. Wakili anaweza kukuambia kwamba kesi ni ngumu, na Nabothi anatukumbusha kwamba mwenye haki anaweza kushindwa. Lakini afadhali mlisikie hilo kwa anayejua sheria kuliko kwa mhubiri.

Mama apelekwe kliniki, na dawa za presha azimeze kila siku hata akiwa amefunga. Daktari ndiye wa kumwambia kama anaweza kufunga kabisa. Na wewe, kama usiku hulali, kama umeanza kuwaza kwamba bora usiwepo, mwambie mtu uso kwa uso, muuguzi, mchungaji unayemwamini au mshauri nasaha, bila kungoja. Eliya, yuleyule aliyemkabili Ahabu, aliketi chini ya mretemu akaomba afe alipotishwa na Yezebeli, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena.

Na yule mzee wa tatu, aliyemwambia mama ukweli kwa siri. Nendeni kwake kabla hamjaenda kwa mtu mwingine yeyote, wewe na mama na mjomba, mchana, bila ugomvi. Ana hofu, na pengine ana aibu kuliko unavyodhani. Mwambieni mnahitaji aseme mbele ya wakili kile alichokisema nyumbani. Akikubali, iandikwe hati ya kiapo siku hiyohiyo, kwa maana ni mzee, na nakala moja ikae mahali pengine mbali na kijijini.